Saksafoni Bila Darasa: Safari Ndefu Hadi Mpaka wa Busia na Tororo

Tarehe 7 Februari 1894 Adolphe Sax alifariki dunia mjini Paris akiwa fukara, baada ya kufilisika mara tatu. Mwaka huohuo Uingereza ilitangaza Uganda kuwa nchi lindwa yake. Wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyataja mambo haya mawili kwa pumzi moja. Lakini ni dola hiyo ya Kiingereza, kwa majeshi yake, wamisionari wake na reli yake, ndiyo iliyokuja kuvibeba vyombo vya Sax mpaka nchi ya Jopadhola, Wateso na Wasamia, katika eneo ambalo leo lina miji ya Tororo, Malaba na Busia.

Chombo kimoja kati ya hivyo, saksafoni, kilifika kikiwa na sifa nusu. Watu walikijua kambini na kwenye kumbi za dansi. Darasani hawakukiona. Ndiyo maana mpaka leo, kijana wa huku akitaka kupiga saksafoni kwa mtindo wa klasiki, yaani kusoma noti za tamasho zilizoandikwa kwa ajili ya chombo hicho na kuzipiga mbele ya hadhira iliyokaa kimya, huwabidi wenyeji wamuulize alijifunzia wapi na kwa nani. Swali hilo lina historia yake, na historia hiyo inaanza kabla ya Sax.

Tuanzie Mulanda, kwao Jopadhola, katika Budama Magharibi, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Ni nchi ya wakulima wa mtama, ulezi na muhogo, na lugha yake ni Dhopadhola, mojawapo ya lugha za Kijaluo. Ala zake za asili zinajulikana: tongoli, kinanda cha nyuzi kinachofanana na nyatiti ya Wajaluo wa Kenya, na fumbo, ngoma ndefu iliyoipa jina ngoma nzima ya kuchezwa. Jirani zao Wateso wana akogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kupuliza nako hakukuwa kugeni. Upande wa Nyanza Wajaluo walikuwa na oporo, pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ubavuni, na abu, tarumbeta yenye kibuyu mwishoni. Mtu aliyekuwa akipuliza abu msibani alijua, bila kuambiwa na mzungu yeyote, kwamba sauti hutokana na midomo, kifua na subira.

Mpaka unaowatenganisha watu hawa ni mchanga kuliko ala zao. Hadi Machi 1902 magharibi yote ya Kenya ya leo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na mstari ukapita katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia. Tangu hapo kila kilichotoka nje, kuanzia kodi na shule hadi bendi, kilifika kwa njia mbili, moja ya Nairobi na moja ya Entebbe.

Sasa tumrudie mzee Sax. Alizaliwa Dinant, Ubelgiji, tarehe 6 Novemba 1814, mtoto wa fundi wa ala za muziki. Akiwa Paris miaka ya 1840 alibuni familia mbili za vyombo. Ya kwanza ilikuwa ya tarumbeta zenye vali, kubwa na ndogo, zilizoitwa saksihoni, na alizipatia hataza mwaka 1845. Ya pili ilikuwa saksafoni, iliyopata hataza mwaka 1846. Saksafoni ilikuwa chotara: mwili wa shaba kama tarumbeta, lakini sauti yake hutokana na ulimi wa mwanzi unaotetemeka mdomoni, kama klarineti. Ziko kubwa na ndogo, na vitufe vyake vimepangwa kwa namna moja, hivi kwamba aliyejifunza moja anaweza kushika nyingine bila kuanza upya.

Lengo la Sax lilikuwa bendi za jeshi. Mwaka 1845 alizishindanisha ala zake na za bendi ya zamani hadharani, katika uwanja wa Champ de Mars, akashinda, na jeshi la Ufaransa likaanza kununua. Mwaka 1857 akapewa darasa la saksafoni katika Konsevatwari ya Paris, akiwafundisha vijana wa bendi za kijeshi. Kisha mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vikazuka, fedha zikakauka, na darasa likafungwa.

Lilifungwa kwa miaka 72. Katika muda huo wote, chuo kikuu cha muziki cha nchi iliyoipa saksafoni hataza hakikuwa na mwalimu wa saksafoni. Chombo hakikufa. Kilivuka Atlantiki, kikaingia sarakasi, kumbi za burudani na baadaye jazi, kikatajirisha watu. Lakini watunzi wa muziki wa okestra walikigusa kwa nadra, kwa kuwa hawakuwa na uhakika wa kumpata mtu wa kukipiga. Mtunzi hamwandikii mpigaji asiyekuwapo, na mpigaji hawezi kuwapo pasipo mwalimu.

Aliyelifungua tena darasa hilo mwaka 1942 alikuwa Marcel Mule, mtoto wa kijijini aliyesomea ualimu wa shule kabla ya kuingia bendi ya Garde Républicaine. Alifundisha mpaka 1968, na wanafunzi wake wakatawanyika duniani wakiwa na mbinu, vitabu vya mazoezi na namna moja ya kutoa sauti. Mwenzake, Mjerumani Sigurd Raschèr, aliwahimiza watunzi kuandika. Mrusi Alexander Glazunov alimwandikia konseto ya saksafoni iliyopigwa kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1934. Hizo ndizo nguzo za saksafoni ya klasiki mpaka leo.

Umuhimu wa mwalimu ulionekana tena: Desemba 1969, wapiga saksafoni Paul Brodie wa Kanada na Eugene Rousseau wa Marekani walipoitisha kongamano la kwanza la dunia la saksafoni mjini Chicago, walilifanya sambamba na mkutano mkubwa wa walimu wa bendi za shule. Hawakwenda kwenye ukumbi wa opera. Walikwenda mahali walimu walipokuwa wamekusanyika, kwa sababu mwalimu mmoja akishawishika anarudi nyumbani kwa watoto mia.

Afrika Mashariki ilikuwa na habari za bendi tangu karne ya 19. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake, na wapigaji wake wengi walikuwa Wagoa waliosoma noti katika shule za parokia za Kireno. Huko Lamu na Mombasa vijana waliyatazama majeshi na bendi za wageni, wakatunga ngoma yao, beni, yenye vyeo, sare, gwaride na mashindano. Vita vya kwanza vya dunia vilipowazoa maelfu ya wapagazi wa jeshi, beni ikasafiri nao bara. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba watu hawa hawakuwa wakiiga tu. Walikuwa wakipanga jamii zao mpya kwa ala walizoziona mikononi mwa wenye nguvu.

Kwa upande wa mpaka wetu, njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni jeshi. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee walikiita Keya, kilikuwa na bendi, na wakuu wa bendi za Kiingereza walipikwa katika chuo cha Kneller Hall, kilichofunguliwa mwaka 1857, ambako saksafoni ilikuwa sehemu ya kawaida ya bendi ya jeshi. Batalioni ya nne, ya Uganda, baadaye ilikuwa na makao Jinja, si mbali na Tororo. Vita vya pili vya dunia vilipofika, Keya ikaunda kikosi cha burudani, na baadhi ya vijana wake, akiwamo Fundi Konde wa pwani ya Kenya, walirudi nyumbani wakiwa wanamuziki kamili.

Njia ya pili ni Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921 na kuvuka kuingia mashariki ya Uganda mwaka 1931. Lilijikita sana Magharibi ya Kenya, na upande wa pili likawa na vituo maeneo ya Mbale na Tororo. Popote lilipofika lilifika na bendi ya tarumbeta. Katika bendi hizo mna vyombo vya katikati, baritoni na vile vinavyoitwa honi za tenori, ambavyo ni watoto wa saksihoni za mwaka 1845. Bendi ya tarumbeta ya Kiingereza haina saksafoni. Kwa hiyo waumini wa magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda walikuwa wakiandamana Jumapili na kazi za mikono ya Adolphe Sax, ila si ile iliyobeba jina lake.

Njia ya tatu ni reli. Mwishoni mwa miaka ya 1920 treni kutoka Mombasa ilikuwa imefika Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Nagongera, jirani ya Mulanda, ikawa na stesheni yake. Santuri, gramafoni, magitaa na wanamuziki wenyewe vikaanza kupita.

Kanisani na shuleni kulikuwa na elimu nyingine, na hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Watoto hawakufundishwa noti za mistari mitano. Walifundishwa solfa: do, re, mi, zilizoandikwa kwa herufi na nukta, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Solfa ni rahisi, haihitaji ala wala karatasi maalumu, na mwalimu mmoja mwenye chaki anaweza kufundisha wimbo wa sauti nne kwa jioni chache. Kwaya za Budama, Samia na Teso zimejengwa juu yake. Mwimbaji wa solfa ana sikio kali: anajua do iko wapi hata wimbo ukipandishwa au ukishushwa.

Umahiri huo ungemfaa sana mpuliza saksafoni. Mpiga alto na mpiga tenori wakisoma noti ileile na kubana vitufe vilevile, sauti zinazotoka ni tofauti, kwa kuwa kila chombo kimejengwa katika ufunguo wake. Mwanafunzi aliyezoea piano hubabaika. Mtoto wa kwaya, aliyezoea do inayohama, angeelewa haraka, lau angekuwapo mtu wa kumwonyesha namna ya kutoka herufi za ubaoni hadi mistari mitano. Mtu huyo hakuwapo.

Kenya ilijaribu kumtengeneza. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 likiwa la walowezi, likaja kuwa la shule zote, na mpaka leo huanza kwenye kata na kupanda hadi taifa. Busia hupeleka kwaya na ngoma zake kila mwaka. Serikali ya kikoloni ilimweka Graham Hyslop kusimamia muziki na maigizo. Ndiye huyohuyo aliyeandika tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, na mwaka 1964 akawachapishia walimu na viongozi wa kwaya kitabu cha kazi yao. Mwaka 1963 aliketi katika kamati ya watu watano iliyotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Wawili kati ya hao wanahusu habari yetu moja kwa moja. Senoga-Zake alizaliwa Uganda na kufanya kazi Kenya, na kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya muziki wa asili wa Kenya kimewapa walimu wengi majina na maumbo ya ala ambazo zingesahaulika. Omondi aliandika tasnifu juu ya nyatiti katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980, kisha akaongoza tume ya rais ya muziki iliyotoa ripoti yake mwaka 1984. Upande wa Uganda, wimbo wa taifa wa mwaka 1962 ulitungwa na mwalimu wa muziki, George Wilberforce Kakoma, na mwaka 1971 Makerere ikafungua idara ya muziki, dansi na maigizo. Walimu hawa walifanya kazi kubwa, lakini walikuwa na jambo la dharura zaidi kuliko saksafoni: kuirudisha ngoma ya mwenyeji darasani baada ya miaka mingi ya kufukuzwa. Hakuna haki ya kuwalaumu.

Wakati huo saksafoni ilikuwa imeshapata makao yake, na makao hayo yalikuwa dansi. Kutoka Kongo zilivuma santuri za OK Jazz, ambako Verckys Kiamuangana Mateta alipuliza katika miaka ya 1960 kabla ya kuanzisha bendi yake. Dar es Salaam ilikuwa na Chinyama Chianza wa Orchestra Maquis. Watanzania wakaipa saksafoni jina la mdomo wa bata, na jina likakaa. Nairobi ikapata Les Mangelepa mwaka 1976. Kampala, mwaka 1975, ikazaliwa Afrigo Band, ambayo Moses Matovu ameipulizia saksafoni na kuiongoza kwa miongo mingi. Baadaye Isaiah Katumwa akaifikisha saksafoni ya Uganda kwenye majukwaa ya jazi ya kimataifa. Wengi wa hawa walijifunza kwa kusikiliza, kwa kukaa karibu na aliyetangulia, kwa kukosea mbele za watu. Ni shule halali, na imetoa mabingwa. Ila haiachi mtaala nyuma yake. Bingwa akistaafu, anastaafu na darasa lake.

Katika karne hii mambo yalianza kubadilika, ingawa mbali na mpaka. Mwaka 2008, Korogocho, Nairobi, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha watoto wa mtaa huo ala za okestra na kusoma noti. Mmoja wa waliousaidia alikuwa Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa Safaricom, aliyejifunza saksafoni ukubwani. Tamasha la jazi la kampuni hiyo, lililoanza mwaka 2014, lilikuwa likichangia mapato yake kwa mpango huo. Collymore alifariki Julai 2019, lakini vijana waliopita Korogocho wamekuwa wapigaji na, muhimu zaidi, walimu. Kampala nayo ina M-Lisada, kikundi kilichoanzishwa na watoto wa mitaani mwaka 1996, na Brass for Africa, shirika la rubani Mwingereza Jim Trott lililoanza kwa kuwaletea watoto hao tarumbeta zilizotumika. Mitihani ya ABRSM ya London, ya kupanda daraja hadi la nane, hufanyika Nairobi na Kampala.

Tarumbeta imetangulia tena, kama ilivyotangulia mwaka 1931, na sababu ni ya kiufundi kuliko ya kitamaduni. Tarumbeta ina vali tatu; ikianguka, fundi wa kawaida anaweza kuinyoosha. Saksafoni ina vitufe zaidi ya 20, kila kimoja kikiwa na springi na kifuniko cha ngozi ambacho lazima kizibe tundu lake barabara. Vumbi la kiangazi cha Mulanda likiingia, au unyevu wa masika ukivimbisha ngozi, noti za chini hukataa kutoka. Halafu kuna ule ulimi. Hukatwa kutoka kwenye matete, na matete yanayosifiwa zaidi hulimwa jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Mwanafunzi hulowesha ulimi mdomoni, huufunga kwenye kipulizio, hupiga wiki kadhaa, kisha ulimi hulegea na lazima upatikane mwingine. Kijana wa kijijini aliyepewa saksafoni ya msaada bila akiba ya ndimi amepewa pambo la ukutani.

Julai 2003 walimu wa muziki kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kisumu, mwendo wa saa chache kwa barabara kutoka Busia, katika kongamano la PASMAE, chama cha Afrika nzima cha elimu ya sanaa za muziki. Mawazo yao yalichapishwa mwaka 2005 katika kitabu kilichohaririwa na Anri Herbst. Hoja kuu ya walimu wa kizazi hicho ilikuwa kwamba muziki, ngoma, maigizo na ushairi wa Afrika ni kitu kimoja na vifundishwe pamoja. Hoja hiyo imeanza kuingia kwenye mitaala: Kenya kupitia mfumo wa umilisi ulioanza mwaka 2017, Uganda kupitia mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020, ambao umeweka sanaa za maonyesho kama somo.

Mitaala ikishaandikwa inabaki kutafutiwa walimu, na hapo mpaka wetu una upungufu unaoonekana kwa macho. Nagongera, iliyokuwa na chuo cha ualimu, ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa mwaka 2007, na kazi yake ni kuandaa walimu wa sayansi. Ni kazi njema na nchi inaihitaji. Lakini mtoto wa Mulanda anayetaka kufundishwa ala kwa utaratibu hutazama Kampala, na wa Busia ya Kenya hutazama Nairobi, na nauli peke yake huwachuja wengi kabla kipaji hakijaulizwa.

Mpiga saksafoni wa klasiki anayechipukia akialikwa kwenye mkutano wa walimu wa sanaa, mara nyingi huwekwa mwanzoni, kabla ya mgeni rasmi, ili kuchangamsha watu. Hupiga vipande viwili, hupigiwa makofi, hupigwa picha, huondoka. Hiyo ni kumfanya pambo, na historia yote tuliyoipitia inashuhudia kwamba ni hasara. Paris ilikuwa na watunzi, mafundi, kumbi na fedha, na bado saksafoni ilikaa miaka 72 bila heshima kwa kukosa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alipopatikana, kizazi kimoja kilitosha.

Kwa hiyo ombi kwa wanaopanga mikutano hiyo Tororo, Busia na kwingineko ni hili. Mpeni mpuliza saksafoni dakika 20 za jukwaa na asubuhi nzima ya darasa. Mketisheni na walimu wa kwaya wanaojua solfa, awaonyeshe namna ya kuvuka kwenda kwenye noti za mistari mitano, namna ya kubadili kifuniko cha ngozi, na mahali pa kuagiza ndimi kwa pamoja ili bei ishuke. Karibu naye mketisheni mpiga tongoli, kwa sababu mtoto atakayefundishwa ni mmoja na masikio yake ni yaleyale. Vyombo vya Sax vimekuwa mpakani kwa karibu miaka 100. Kilichochelewa ni darasa, na darasa linaweza kufunguliwa na watu waliopo sasa.